Hawaii: Siku Ipi Watu Wapumzike?

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Nianze na ngazi. Kila Juni mjini Honolulu, gari la zimamoto husogezwa mpaka kwenye sanamu ya Mfalme Kamehameha wa Kwanza, aliyeviunganisha visiwa vya Hawaii kuwa ufalme mmoja, ngazi ikanyanyuliwa, watu wakapanda na makoja ya maua yenye urefu wa mita kadhaa. Huyatundika kwenye ule mkono ulionyooshwa, koja juu ya koja, mpaka mkono wenyewe hauonekani.

Sikukuu hiyo ya tarehe 11 Juni ilitangazwa mwaka 1871 na Kamehameha wa Tano kumuenzi babu yake. Hawaii ilikuwa dola kamili wakati huo. Januari 1893 Malkia Liliʻuokalani akapinduliwa. Waliompindua wakatangaza jamhuri yao tarehe 4 Julai 1894, siku ya uhuru wa Marekani, na mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa. Dola ikafa, sikukuu ikabaki. Naomba mlishike hilo.

Sasa tazameni kalenda ya leo. Ofisi za jimbo hufungwa siku ya Kamehameha, hufungwa 26 Machi kwa ajili ya Mwanamfalme Kūhiō, hufungwa 4 Julai, na hufungwa Ijumaa ya tatu ya Agosti kukumbuka Hawaii kuwa jimbo la 50. Ukihesabu kwa vidole, mbili za ufalme kwa mbili za Marekani, utasema mizani imekaa sawa. Mimi nasema bado.

Kūhiō alifungwa kwa kushiriki uasi wa 1895 uliotaka kumrudisha malkia. Baadaye, kuanzia 1903 hadi kifo chake mwaka 1922, alikuwa mjumbe wa Hawaii katika Bunge la Marekani, akapigania sheria ya kuwatengea wenyeji ardhi. Mtu kama huyo kila upande unaweza kumsherehekea, na hakuna anayelazimika kusahau kitu.

Agosti ni habari nyingine. Kura ya mwaka 1959 ilishinda kwa zaidi ya asilimia 90, ni kweli, lakini mpiga kura aliulizwa kama anataka jimbo au hataki. Uhuru haukuwamo kwenye karatasi. Mwaka 1993 Marekani yenyewe ikaomba radhi kwa maandishi kwa sehemu yake katika mapinduzi yale. Ndiyo maana Agosti milango hufungwa, lakini shamrashamra hazionekani sana.

Halafu kuna 28 Novemba, Lā Kūʻokoʻa, yaani Siku ya Uhuru kwa Kihawaii. Siku hiyo mwaka 1843, Uingereza na Ufaransa zilitia saini London tamko la kuitambua Hawaii kuwa dola huru. Na sisi watu wa pwani tusikilize vizuri: ni hao hao wawili waliotia saini, Machi 1862, tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wa Maskati na Zanzibar. Miaka 28 baadaye Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Mwingereza. Uzito wa karatasi ya namna ile tunaujua, na wepesi wake tunaujua pia.

Mwaka 2023 jimbo liliitambua rasmi siku hiyo ya Novemba, ila bila mapumziko. Hapo ndipo ninapokataa. Mwalimu yuko darasani, karani yuko mezani, nani atampeleka mtoto akaone bendera ya ufalme ikipandishwa? Mapumziko ya Agosti yahamishiwe Novemba, na Agosti ndiyo ibaki siku ya kutambuliwa tu.

Najua nitajibiwa kwamba wakazi wengi wa Hawaii si wa asili ya pale. Ni wajukuu wa Wajapani na Wafilipino walioletwa kulima miwa, na kabla ya 1959 wazazi wao hawakuweza kumpigia kura rais. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini watu hao wanayo 4 Julai, na hakuna anayeigusa. Mwenyeji hana siku nyingine ya kusema kwamba nchi hii ilikuwa na jina lake mbele ya mataifa.

Nawasikiliza sasa. Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Zanzibar, tuanze naye.