Kabla ya Kununua Vifaa vya Trela, Soma Kibandiko cha Mlangoni

Mhadhara kwa familia za Waswahili wanaoishi Texas

Shikamooni wazee, na habari za jioni ndugu zangu wote. Asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa niseme na familia ambazo karibuni zimenunua, au ziko mbioni kununua, trela ya safari: hizi nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na pikapu, ambazo Wamarekani huenda nazo hifadhi ya Big Bend au hupanda nazo hadi milima ya Colorado joto la huku likizidi. Wengi wenu mmeshaandaa orodha ya vifaa, nimeziona baadhi. Kapeti ya nje, jiko la kuchomea nyama, runinga ya pili, taa za rangi. Sina ugomvi na taa za rangi. Ila orodha hizo tuziweke pembeni kidogo.

Nenda kwenye pikapu yako, fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Utaona kibandiko cheupe chenye ukanda wa njano. Kinasema uzito wa watu na mizigo, kwa jumla, usizidi ratili (lbs) kadhaa. Tarakimu ile ndiyo bajeti yako. Kila kifaa utakachonunua kina bei mbili, ya dola na ya ratili, na hiyo ya ratili huwezi kuikopea.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme kibandiko kinasoma ratili 1,500, na trela ikishapakiwa vitu vyenu ina ratili 6,500. Kwa trela za aina hii, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inatakiwa ikalie lile tufe la chuma nyuma ya gari. Tuchukue 13: hapo ni ratili 845. Kiungio chenyewe, kile chenye vyuma viwili vya kusawazisha uzito, tukipe ratili 80. Zimebaki 575. Sasa wapandisheni baba, mama na vijana watatu waliokwisha kuvunja ungo na kubalehe. Mnakaribia 700! Mmeshapitiliza, na kreti ya soda bado iko barazani.

Muuzaji atakwambia pikapu hii inavuta ratili 10,000, na hajadanganya. Kuvuta inavuta. Kubeba ndiko kunakoishinda. Sisi tumezoea kusema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, lakini Mnyamwezi akielemewa atakwambia. Pikapu hukaa kimya, ikainua pua, na magurudumu ya mbele yakapungukiwa na mshiko barabarani bila dereva kujua.

Na ule uzito ulioandikwa kwenye kipeperushi cha trela msiutegemee sana. Huo ni uzito wa trela tupu, kabla hujaweka maji, sufuria wala shuka. Galoni moja ya maji ina ratili 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa ni ratili 330 na ushei. Kama unakokwenda kuna bomba, ya nini kuyabeba? Mkishapakia kila kitu, piteni kwenye mizani ya malori katika vituo vya mafuta vya barabara kuu. Humu ndani naona madereva wa malori wasiopungua watano, watawaonyesha namna ya kusimama. Ada yake ni ndogo kuliko bei ya hiyo kapeti.

Kwa hiyo fedha za mwanzo ziende pale gari na trela vinapokutana. Kiungio cha kusawazisha uzito kinarudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele ya gari, na kile chenye kizuia myumbo kinaituliza trela lori kubwa linapokupita na upepo wake. Kisha kidhibiti cha breki. Hapa Texas trela ambayo uzito wake wa jumla unazidi ratili 4,500 lazima iwe na breki zake, na kidhibiti ndicho kinachoziamuru ukiwa kwenye usukani. Chagueni kile kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kubana kwa kiasi hichohicho. Vile vya bei rahisi hubana kwa muda uliopangwa, iwe umegusa breki au umeikanyaga kwa hofu. Kisha jifunzeni kile kitufe cha kubana breki za trela peke yake kwa mkono. Trela ikianza kuyumba, usikanyage breki za gari: achia mafuta, shika usukani wima, bana breki za trela kwa kidole. Fanyeni mazoezi kwenye uwanja mtupu kabla ya safari.

Kuna pia waya mwembamba wa usalama unaochomoa pini na kubana breki trela ikichomoka. Ufungeni kwenye mwili wa gari, usiufunge kwenye mnyororo unaoishikilia trela kiungio kikiachia. Mnyororo ukikatika nao unaondoka.

Tairi. Hizi zina herufi ST, ni tairi za trela, na nyingi zimetengenezewa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa. Barabarani kwetu huku bango linasema 75 na kila mtu anakimbia 80. Mwenye trela na akae kulia. Ubavuni, mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi ya trela huzeeka kwa jua kabla ya kuisha meno, kwa hiyo ikifika miaka mitano au sita ibadilisheni hata kama inang'aa. Vihisio vya upepo vinavyokuonyesha presha ukiwa unaendesha vinalipa gharama yake, kwa sababu tairi ya trela ikipasuka unaweza usiisikie, nayo ikaendelea kurarua sakafu na mabomba. Nunueni spana ya kupimia mkazo wa nati pia, mkague tena baada ya maili 50 za kwanza. Magogo ya kuzuia tairi hayahitaji maelezo. Kila utingo anajua gogo linawekwa kabla ya trela kufunguliwa kwenye gari.

Umeme sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Trela nyingi za kiasi hiki zinatumia plagi ya ampea 30, volti 120. Maana yake mna wati 3,600 kwa kila kitu. Kiyoyozi kikiwa kinavuma, birika la umeme na maikrowevu haviwashwi pamoja, sakiti breka itakatika. Hilo ni usumbufu tu. Hatari yenyewe iko nyumbani. Mtu anataka kuegesha trela uani, anamwita fundi, anamwambia niwekee soketi ya ampea 30. Fundi asiyezijua trela anaona umbo la plagi, anafikiria mashine ya kukaushia nguo, anaunganisha volti 240. Ukichomeka, jokofu, maikrowevu, chaja ya betri, vyote kwaheri. Sisi tuliokulia kwenye volti 240 ndio tusioshtuka tukisikia tarakimu hiyo, kwa hiyo mwambieni fundi waziwazi: mia na ishirini, na apime mbele yako.

Ndiyo maana kifaa cha kulinda umeme kiko juu kabisa katika orodha yangu ya vifaa vya umeme. Viko vya aina mbili dukani na vinafanana kwa sura. Cha bei nafuu kinazuia mruko wa ghafla wa umeme, basi. Cha pili kinapima volti muda wote, kinakata zikishuka chini ya 104 hivi au kupanda juu ya 132, na kinakataa soketi iliyounganishwa vibaya. Kambi ikijaa mwezi wa saba, kila mtu na kiyoyozi chake, umeme unashuka, na umeme hafifu unaua kompresa taratibu. Nunueni hicho cha pili.

Naam, dada hapo nyuma anauliza jenereta. Kwa kambi zenye soketi huihitaji. Kwa porini, nunua zile za kimya zenye inveta, uiweke mbali, moshi ukielekea kusiko na dirisha. Na kwa kuwa tuko wenyewe kwa wenyewe niseme: jiko la mkaa lisiingie ndani ya trela, hata baridi ya Colorado ikikuuma vipi, hata dirisha likiwa wazi. Habari za familia zilizolala na jiko la mkaa na hazikuamka tumezisikia nyumbani miaka yote, na chumba cha trela ni kidogo kuliko vyumba vile. Kagueni kengele ya hewa ya sumu (kaboni monoksidi) na ya gesi ya kupikia. Zina tarehe ya mwisho nyuma yake.

Maji nitapita haraka. Mpira wa maji ya kunywa uwe wa kunywa, mweupe, na usikutane kamwe na ule wa kusafishia tangi la choo. Kipunguza presha, kwa sababu bomba za kambi nyingine zina nguvu ya kupasua viungio. Glavu. Koki ya tangi la choo ibaki imefungwa hadi tangi likaribie kujaa; ukiiacha wazi maji yanatoka, yale mengine yanabaki yakikauka, na hakuna dawa ya duka itakayoyatoa. Ukimwaga, anza na la choo, malizia na la maji ya kuogea ili yasafishe mpira. Na kabla ya kuwasha hita ya maji kwa umeme, hakikisha tangi lake lina maji. Likiwa tupu, koili inaungua mara moja.

Mzee anauliza baiskeli za wajukuu, kama azifunge kwenye bampa ya nyuma ya trela. Hapana, mzee wangu. Bampa ile kwenye trela nyingi ni bati jembamba la kuhifadhia mpira wa maji machafu, na uzito ukikaa nyuma kabisa unainua pua, tufe linapungukiwa na ile asilimia 10, trela inaanza kucheza. Ziweke nyuma ya pikapu. Ila nne zina ratili 120 hivi, na hizo zinatoka kwenye kibandiko kilekile cha mlangoni. Kama hesabu haikubali, mkazikodi hukohuko.