Kumlea Malkia wa Sisimizi Wavunaji Katika Hewa ya Lamu

Assalaam aleikum, watazamaji. Hapa mezani kwangu Langoni nina neli ya kioo, pamba, pande la jasi nililolichonga mwenyewe, na malkia mmoja wa sisimizi wavunaji, yaani wakusanya mbegu, ambao wataalamu huwaita Messor cephalotes. Hawa ni wenyeji wa nyika kavu za Afrika Mashariki, wala hawajachunguzwa sana. Mengi yanayosemwa kuhusu malezi yao yameazimwa kwa jamaa yao wa Uhispania na Moroko, Messor barbarus, ambaye wafugaji wa Ulaya wamemzoea. Wafugaji hao huhangaika kuwatafutia wadudu wao joto. Sisi joto tunalo la kumgawia jirani. Kinachotusumbua ni unyevu, na karibu kila hatua mtakayoiona leo inahusu namna ya kuyaweka maji upande mmoja na kuyazuia yasifike upande wa pili.

Kibali hutangulia neli. Sisimizi ni mnyamapori mbele ya sheria ya Kenya, na msidhani kwamba udogo wake unamtoa katika hesabu: mwezi wa Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, katika kesi ya kusafirisha maelfu ya malkia waliotiwa ndani ya neli zenye pamba kama hii niliyoishika. Kwa hiyo anzeni ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mimi ninauza viota vya jasi, siuzi malkia, na anayeniuliza bei ya malkia simjibu.

Sasa neli. Malkia huyu ana urefu wa zaidi ya sentimita mbili, hivyo chukueni neli yenye kipenyo cha milimita 20 hadi 25, ioshwe na ikaushwe. Hilo halihitaji maelezo. Jazeni maji safi hadi theluthi moja, kisha sukumeni pamba kwa kijiti mpaka iguse maji na kulowa upande wa ndani tu. Hapa naomba msiharakishe. Pamba ikilegea, maji hupenya na kumfikia malkia. Ikikazwa kupita kiasi, unyevu haupiti na malkia hukauka. Lakini balaa kubwa kuliko hayo mawili ni kiputo cha hewa kinachobaki kati ya pamba na maji. Nasogeza kamera ili mkione: pale, upande wa juu, kile kinachong'aa. Jua la saa sita likiingia dirishani, hewa ile hutanuka, na kwa kuwa haina pa kutokea, husukuma maji yapite katikati ya pamba mpaka chumba chote kifurike. Kiputo hiki hakifai. Naitoa pamba yote na kuanza upya, kwa sababu kukichokoa kwa sindano huacha tundu ambalo maji yatalifuata baadaye.

Tazameni tena: pamba huingia polepole, neli ikiwa imesimama, ili hewa itangulie kutoka. Haya, safi. Sasa igeuzeni kichwa chini juu ya kiganja na msubiri dakika nzima. Tone moja likianguka, rudieni. Kisha ilazeni mezani siku nzima, bila malkia, na muitazame asubuhi. Nasisitiza: bila malkia. Najua mtu akishampata malkia hutamani kumtia ndani saa hiyo hiyo, lakini anaweza kusubiri ndani ya kikopo chenye kipande cha pamba iliyoloweshwa.

Akishaingia, zibeni mdomo wa neli kwa pamba kavu, ifunikeni kwa kitambaa cheusi, na muiweke ndani kabisa ya kabati. Huyu ameshaangusha mabawa yake. Mkitazama mgongoni mtaona makovu mawili kila upande. Misuli ile ya kurukia, pamoja na mafuta aliyoyabeba tumboni, ndiyo chakula chake na cha wanawe wa kwanza, kwa hiyo asipewe chochote mpaka wafanyakazi watoke. Mfungulieni mara moja kwa juma, kwa nukta chache, bila kuigongesha neli. Malkia anayesumbuliwa hula mayai yake.

Wapo walioniuliza kwa nini simweki juani ilhali ni mdudu wa nchi kavu. Wanamchanganya na sisimizi wa fedha wa Sahara, Cataglyphis bombycina, ambaye hutoka adhuhuri wakati mchanga umepita nyuzi 60 za Selsiasi, akilindwa na vinyweleo vyenye pande tatu vinavyoakisi mwanga na kuutoa mwili joto. Huyo ni mkimbiaji na mla mizoga ya wadudu walioshindwa na jua. Wetu ni mkulima asiyelima: jua linapokuwa kali hujichimbia chini, kwenye ubaridi wa ghala lake. Kivuli cha nyumba ya mawe kinamtosha.

Mayai huwa mabuu, mabuu huwa pupa weupe wasio na kifuko, na wafanyakazi wa kwanza hutoka wakiwa wadogo na waoga. Hapo ndipo mbegu huanza. Mimi napenda kuwapa mawele na ufuta. Wimbi pia ni zuri kwa kuwa punje zake ni ndogo. Nunueni sokoni mbegu za kuliwa, kamwe msinunue za kupandia, maana zile zenye rangi nyekundu au buluu zimepakwa dawa. Zigandisheni siku tatu kwenye friza ili wadudu waliojificha wafe, zianikeni zikauke, kisha wapeni punje tano au sita. Mara moja au mbili kwa juma waongezeeni mguu wa panzi aliyechemshwa, kwa ajili ya mabuu. Mende wa nyumbani simpendi, kwa sababu hamjui jirani amepuliza nini.

Nilitaka kwenda kwenye kiota, lakini kamera imenionyesha jambo katika neli hii ya pili. Ile punje karibu na pamba ina nywele nyeupe. Hiyo ni kuvu, na imeota kwa sababu mbegu imekaa upande wa maji. Kwa koleo ndefu naitoa hivi, taratibu, bila kuigusa pamba ile. Jamani, pamba msiiguse. Mkiivuta hata kidogo, maji yanafuata. Wafanyakazi wakiwa wengi hutoa wenyewe mbegu zilizooza au kuchipua. Wakiwa wachache, kazi hiyo ni yenu, hasa wakati wa masika, ambapo hata chumvi ya mezani haimwagiki.

Kiota nacho hukichonga kwa jasi. Changanyeni sehemu mbili za jasi na moja ya maji, mimineni kwenye kiunzi, na mchonge kabla halijawa gumu kabisa. Vyumba vyangu navipanga kama zidaka za ukutani, vifupi na vya mstari, na njia kati yake zina upana wa sentimita moja ili wafanyakazi wenye vichwa vikubwa wapite. Tumieni maji ya mvua kutoka jabia, si ya kisima chenye chumvi, kwani maji yakikauka chumvi hubaki juu ya jasi kama unga. Tundu la kutilia maji liwe pembeni, mwisho mmoja tu, ili theluthi ya kiota iwe na unyevu kwa ajili ya mabuu na sehemu iliyobaki iwe ghala kavu. Kioo juu. Kikianza kutoa jasho kote, mmezidisha maji. Acheni kumwagia mpaka kikauke.

Msiwahamishe kwa kuwamwaga. Unganisheni neli na kiota wafanyakazi wakishapita ishirini, fungueni mwanga juu ya neli, tieni giza kwenye kiota, na muwaache wahame wenyewe, hata wakichukua juma zima. Ukingo wa sanduku la malisho, lile mnamowawekea chakula nje ya kiota, upakeni mafuta ya mgando wasitoroke. Poda hapa kwetu hulowa na kudondoka. Na meza, samahani, huyu mdogo anayetembea kwenye kitambaa si wangu, ni wa jikoni. Ndiyo maana miguu ya meza yangu imesimama ndani ya makopo ya maji, kama kabati la chakula, kwani hao wadogo wakipata njia huingia usiku na kubeba mabuu yote. Leo mtandio umegusa ukuta na umekuwa daraja; ninaukunja.

Wakizidi, msiwaachilie Shela wala kokote kisiwani, hawakuzaliwa huku. Anayetaka kiota anitumie ujumbe akitaja idadi ya wafanyakazi alionao na nambari ya kibali chake, kwa kuwa sichongi kiota cha vyumba ishirini kwa malkia aliye peke yake.