Gari ya Zamani Ikizima Njiani, Ipime Ikiwa Bado Imegoma

Karibuni jamani, wale mliosimama huko nyuma sogeeni, viti vya mbele bado vipo. Leo tunaongelea gari za zamani, zile za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na zile za injekta za mwanzo mwanzo, zinazopuliziwa mafuta kwa presha, zinazozima bila kuaga au zinazogoma kuwaka asubuhi. Na mimi nina neno moja tu, mengine yote yanalizunguka hilo: gari ipimwe palepale ilipogoma, sio baada ya kukubali.

Maana wengi tunafanyaje? Gari inazima, tunasubiri, inapoa, inawaka, tunashukuru Mungu tunaipeleka kwa fundi, fundi anawasha haoni kitu, basi anabadilisha plagi. Wiki ijayo inazima tena, inabadilishwa pampu. Hili limenikuta mwenyewe. Gari yangu ilikuwa inatembea kama dakika 20, injini ikishapata joto sawasawa inakata ghafla kama mtu kazima swichi, ukikaa nusu saa unapiga stata inawaka kama haijafanya kitu. Nikabadilisha betri, plagi, filta na pampu ya mafuta, na vyote nilivyotoa vilikuwa vizima. Iliniuma sana.

Tatizo lilikuwa koili, kile kifaa kinachopandisha umeme wa betri ili plagi zitoe cheche, hiyo cheche ndo mafundi tunaiita moto. Ndani kuna waya mwembamba umezungushwa mara nyingi mno, ukikatika sehemu unaweza ukawa bado unagusana ukiwa baridi, ukipata joto unatanuka unaachana, moto unapotea. Sasa ukiipima imepoa utaona nini? Siku niliyoijua nilikuwa nimebeba plagi ya akiba, gari ikazima, nikafungua boneti, nikachomoa waya wa plagi moja nikauvika kwenye ile ya akiba, nikaibana plagi kwenye chuma cha injini kwa klipu, mwenzangu akapiga stata. Hamna cheche. Dakika 2 tu kazi imeisha, miezi yote ile nilikuwa nabahatisha.

Hapa nisikilizeni vizuri: ule waya usiushike kwa mkono wakati wa kupima, umeme wake ni volti maelfu kwa maelfu, na kama unasikia harufu ya petroli imevuja usijaribu cheche kabisa. Gia iwe nyutro, hendibreki juu.

Haya, tuje kwenye ile isiyowaka. Watu wanasema tu "haiwaki", lakini hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa, stata inazungusha injini au haizungushi? Kama haizungushi, achana na plagi, achana na mafuta, hayahusiki bado. Washa taa kubwa halafu piga stata. Taa zikififia mpaka karibu zife, betri imeisha au vichwa vyake vimeshika kutu, ule unga wa kijani au mweupe, vifungue usugue na brashi ya waya mpaka uone chuma king'ae. Taa zikibaki na mwanga uleule na stata kimya, umeme haufiki kwenye stata, angalia swichi, rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, na waya mdogo wa solenoidi, ile swichi kubwa iliyo kwenye stata. Mwenye multimita, kile kipimo cha umeme, apime betri gari ikiwa imelala, iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12 kamili hiyo imeshaisha karibu yote. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6 betri imechoka, au stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi.

Na ethi! Ethi inasahaulika sana kwenye gari za zamani, ule waya unaotoka injini kwenda bodi na betri unaoza taratibu ndani ya kava lake huku nje unaonekana mzima. Weka multimita kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, mtu apige stata, ikisoma zaidi ya nusu volti basi ethi ni mbovu, hata ununue betri tatu hutapona.

Kama stata inazungusha vizuri lakini haishiki, hapo ndo unatafuta moto na mafuta. Moto nimeshasema. Mafuta, kwenye injekta nyingi fungua swichi bila kupiga stata, utasikia pampu ikinguruma kama sekunde 2 huko kwenye tangi. Kwenye kabureta toa kava la filta ya hewa, injini ikiwa imezimwa, chungulia ndani huku mtu anakanyaga mafuta, lazima uone petroli inaruka. Plagi ukizikuta zimelowa na zinanuka, injini imemezeshwa mafuta kupita kiasi, kanyaga pedali mpaka chini uishikilie bila kupampu halafu piga stata, ila usizidishe sekunde 10 kwa mara moja, stata inaungua.

Sasa kuzima njiani, sikiliza namna inavyozima. Ikikata mara moja kama kisu, mimi nashuku umeme: koili, sensa ya krenki inayosoma mzunguko wa injini, rilei, swichi iliyolegea. Ikianza kukohoa, inavuta na kuacha, inakosa nguvu mlimani, hayo ni mafuta hayafiki, filta imeziba au pampu imechoka. Ikizima ukiachia tu pedali, kwenye sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini ukikanyaga inaenda fresh, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka, ule unaovutwa hewa na injini, au uchafu kwenye throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali, na kwenye kabureta angalia jeti ndogo ya sailensi, kile kitundu cha mafuta, kama imeziba.

Kuna moja watu hawaamini mpaka waione: mfuniko wa tangi. Tundu lake la hewa likiziba, mafuta yanatoka hewa haiingii, tangi linajivuta, pampu inashindwa. Gari ikizima, kabla ya lolote fungua mfuniko usikilize, ukisikia "fyuuu" ya nguvu halafu gari ikawaka, umeshaupata ugonjwa.

Dada pale umeuliza kusukuma gari ya otomatiki, hapana, haiwaki kwa kusukumwa, pampu ya gia inazungushwa na injini yenyewe, injini ikiwa imezima hakuna presha ya kushika gia. Haya sogeeni hapa mezani, nimeleta koili mbili, moja ndo ile iliyonitesa, tuipashe joto tuipime wote tuone.