Zbigniew Pietrzykowski: Bingwa Anayekumbukwa kwa Pambano Aliloshindwa

Mabibi na mabwana, jina la Zbigniew Pietrzykowski likitajwa leo, aghalabu hutajwa kama la mtu aliyepigwa na Cassius Clay, yule tuliyekuja kumjua kwa jina la Muhammad Ali. Naona hiyo ni dhuluma kwa bondia huyo wa Poland, na ningependa tumpime kwa kazi yake yote ya ulingoni.

Alizaliwa mwaka 1934, akanolewa katika timu ya taifa na kocha Feliks Stamm, zama ambazo dola ya kikomunisti haikuwa na nafasi kwa ngumi za kulipwa, hivyo mabondia bora wa nchi hiyo walibaki katika ngumi za ridhaa hadi walipostaafu. Alitwaa ubingwa wa Ulaya mara 4: mwaka 1955 katika uzito wa kilo 71, mwaka 1957 katika kilo 75, kisha mwaka 1959 na 1963 katika kilo 81. Kupanda uzito mara mbili na kuendelea kutawala si jambo dogo, kwani kila anayepanda hukutana na miili mikubwa na makonde mazito zaidi.

Mwaka 1956 alimshinda László Papp wa Hungary mjini Warsaw. Miezi kadhaa baadaye, katika nusu fainali ya Olimpiki ya Melbourne, Papp alilipiza kisasi akielekea dhahabu yake ya tatu mfululizo, na Pietrzykowski akaondoka na shaba.

Ndipo ikaja fainali ya Olimpiki ya Roma, mwaka 1960, dhidi ya Clay. Clay alikuwa na miaka 18, naye Pietrzykowski 25. Mwanzoni mtindo wake wa kutumia mkono wa kushoto ulimsumbua kijana huyo wa Marekani. Lakini katika raundi ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, Clay alimwandama kwa makonde mfululizo, hadi uso wa Pietrzykowski ukatapakaa damu. Alimaliza pambano akiwa amesimama, na majaji wote 5 wakampa Clay ushindi.

Alirudi tena Tokyo mwaka 1964, akiwa na miaka 30, akapata shaba, medali yake ya tatu katika Olimpiki tatu mfululizo, huku wenzake Józef Grudzień, Jerzy Kulej na Marian Kasprzyk wakitwaa dhahabu chini ya kocha yuleyule.