Tumechora Theluji, Tumeusahau Mfongo

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu na vijana, habari za mchana. Nawashukuru waandaaji walionipa nafasi hii ya kusema juu ya maonyesho haya ya maji, na wachoraji nawashukuru zaidi, kwa kuwa kazi zao ndizo zilizotuleta hapa Moshi leo.

Nimepita picha moja baada ya nyingine, na mahali pengi maji yamechorwa kama theluji ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro. Kilele cheupe juu, migomba chini, mto katikati. Picha zinapendeza, lakini mlima wetu haufanyi kazi hivyo. Theluji inachangia kidogo sana katika mito yetu. Maji ya Rau, ya Njoro, ya Weruweru, yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ule mkanda wa kijani unaofunikwa na mawingu karibu kila siku. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, tunasikitika, na ni haki yetu kusikitika. Ila moto unapowaka mlimani, kama ule wa Oktoba 2020, unateketeza mimea ambayo kazi yake ni kukamua ukungu tone kwa tone. Nani ameichora mimea hiyo? Ile miti ya juu yenye ndevu za kijivu haimo ukumbini humu, na mimi naona ndiyo iliyostahili ukuta mzima.

Karibu na mlango kuna mchoro mdogo wa mkaa. Wengi mmeupita, nimewaona. Wazee wanne wameinama mtoni, wanapanga mawe na vigogo vya migomba. Wanatengeneza banio la mfongo, yaani kizuizi cha kugeuzia maji mferejini. Naomba mrudi mkautazame.

Mfongo ni mfereji wa Wachagga, na wageni waliofika huku karne ya 19 waliustaajabia. Waliouchimba hawakuwa na vipimo vya kigeni. Waliyaachia maji yawafuate huku wakichimba, wakisoma mwendo wake. Mteremko ukizidi, maji yanakula udongo. Ukipungua, yanalala na kujaza tope. Mfereji ulizunguka vilima, ukavuka makorongo juu ya magogo yaliyochongwa, mpaka ukafika kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mtu wa mwisho. Na huyo wa mwisho alikuwa na zamu yake kama wa kwanza! Ukoo uliochimba ndio uliosimamia zamu. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, asiyefika alitozwa faini, na mara nyingine faini ilikuwa mbege, pombe ya ndizi, ya kuwanywesha waliofanya kazi. Ndugu zetu Wapare wana ndiva zao, mabwawa ya kuhifadhi maji ya usiku ili mchana yatoshe shamba.

Nasisitiza hilo kwa sababu maji hapa kwetu yana sura ya watu. Anayefungua banio huko juu anaamua kama mpunga wa Mabogini utastawi au utakauka. Mto Kikuletwa na Mto Ruvu inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani unashuka hadi baharini, ukiwa umepita mikononi mwa wakulima, wavuvi na mitambo ya umeme. Mchoraji anayechora maji bila mkono wa mtu ameacha nusu ya habari.

Kuna kazi moja iliyonigusa kuliko zote: glasi tatu mezani, maji yake meupe pe, na nyuma yake picha ya mtoto anayetabasamu kwa meno ya kahawia. Ndugu zetu wa Arusha, wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki, wanaielewa bila kuelezwa. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na baadhi ya chemchemi za huko zinapita kiasi hicho mara nyingi. Yakizidi sana kwa miaka, mifupa nayo hupinda. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe husaidia kuyachuja. Jicho peke yake haliwezi kuyajua maji hayo, na msanii huyu amepata njia ya kulionyesha jicho kile lisichokiona. Hongera sana.

Nina ombi moja kwa waandaaji. Ukumbi huu uko mjini, na bomba lake linatoa maji. Picha hizi zikimaliza muda wake hapa zishushwe Kahe na Mabogini, zitundikwe kwenye darasa la shule au ofisi ya kijiji, na wakulima wanaopokea maji mwisho wapewe nafasi ya kusema nini kimekosekana ndani yake. Kisha zipandishwe Kibosho na Marangu, kwa wenye mabanio. Gari la kuzibeba nitalichangia.

Sasa maswali. Mama pale nyuma umeinua mkono mapema, karibu uanze.