Ghormeh sabzi: uwatu mwisho, jamani!

Asalaam aleikum, karibuni tena jikoni kwangu hapa Maskati. Leo ghormeh sabzi, mchuzi wa majani wa Kiirani. Nimefundishwa na jirani yangu wa Shiraz, mama asiyetaka mchezo na sufuria.

Nyama ya kondoo kilo moja, kitunguu, manjano, pilipili manga. Kaanga, tia maji, funika. Hapo sina la kuwafunza. Maharage mekundu nililoweka tangu jana, nimeyachemsha pembeni yakaiva nusu.

Sasa majani. Kotmiri, paseli na majani ya kitunguu, mafungu mawili mawili. Osha, kausha kabisa, ndipo ukatekate. Nabonyeza hivi, mnaona? Hakuna tone. Yakiwa na maji hayakaangiki, yanachemka, unaishia na mchicha.

Mafuta usiyaonee uchungu. Moto wa wastani, dakika 20 hivi, mwiko usilale. Uwatu, yaani majani yake makavu, bado. Narudia, uwatu bado! Mara ya kwanza nilitia vyote pamoja, uwatu ukaungua, sufuria nzima ikawa chungu kama shubiri na wageni wameshakaa mkekani. Tulikula mkate na jibini.

Ngoja, kamera imeingia mvuke... nafuta... Subhanallah! Nimeshughulika na nyie, huku pembeni kumeanza kushika. Punguza moto, kwangua haraka. Nusa... alhamdulillahi, bado. Rangi tunayoitaka ndiyo hii: kijani kizito, karibu na cheusi, mafuta yamejitenga. Ikiwa kahawia, umeshachelewa.

Sasa ndiyo uwatu mkavu, vijiko viwili vya kulia tu, koroga dakika moja, epua. Dakika moja! Mimina yote kwenye nyama, na maharage.

Ndimu kavu. Wairani wanaziita limu omani, ndimu za Oman. Sisi huku tunasema lumi. Nne au tano, toboa kwa uma. Usizipasue, mbegu zikimwagika mchuzini zinaleta uchungu. Wengine wanazitia mapema, mie natia saa moja kabla ya kuepua. Hizi ni za kwangu, nauza, niandikieni hapo chini. Chagua nyepesi, ukiitikisa usikie mbegu zinacheza ndani.

Jumla kama saa tatu, moto mdogo. Usiwe na haraka. Mafuta yakipanda juu, na majani yakashikana na mchuzi badala ya kuogelea, imeiva. Onja chumvi.

Tunakula na wali mweupe, na ukoko wake! Wao wanauita tahdig, na mgeni ndiye anayetangulizwa, si kama kwetu watoto wanapigania sufuria. Basi napindua sinia... bismillahi... Ah. Nusu umetoka, nusu umeng'ang'ania chini.

Nileteeni kijiko. Hiyo ya chini ni yangu.