Usiite tebo yako order

ASHA: Haya karibuni, leo na kaka Juma tunaongelea majina ya tebo na kolamu, yaani majedwali ya databesi na safu zake, maana kuna maneno databesi imeshayachukua kwa kazi zake, ukiyatumia kama jina umejitafutia kazi.

JUMA: Na ndo yale yanayokuja kichwani kwanza dada. Mtu anatengeneza duka la mtandaoni anataka kuhifadhi oda, anaandika order. Sasa ORDER ni ya ORDER BY, amri ya kupanga matokeo, databesi inakataa hapohapo, era ya sintaksi.

ASHA: Hiyo afadhali, inajisema. Mi naogopa user kwenye PostgreSQL, moja ya programu za databesi. Tuseme umekuta tebo iliundwa kwa kuzungushiwa nukuu, "user", ikakubali. Wewe unaandika SELECT * FROM user, yaani niletee kila kilichomo, bila nukuu, wala haigomi! Inakuletea mstari mmoja tu, na ndani ni jina la akaunti uliyoingilia kwenye databesi.

JUMA: Aisee, si utadhani watumiaji wote wamefutika!

ASHA: Ndio hapo mtu anakimbilia bakapu wakati data ipo palepale.

JUMA: Halafu utaambiwa weka nukuu tu yaishe. Mi sikubaliani kabisa, kwa sababu PostgreSQL inataka nukuu mbili, databesi nyingine kama MySQL inataka bektiki, ile alama ya `, SQL Server mabano ya mraba, na MySQL usipobadilisha setingi ukiweka nukuu mbili inajua ni maandishi tu sio jina. Na kwenye PostgreSQL ukishaweka nukuu, "Order" na "order" ni tebo mbili tofauti, kila atakayekuja baada yako inabidi akumbuke hilo kwenye kila kwari, yaani kila ombi analotuma kwa databesi.

ASHA: Na orodha yenyewe inaongezeka. Chukua mfumo wa matokeo ya shule, kolamu ya nafasi ya mwanafunzi inaitwa rank, MySQL 5.7 haina shida nayo. Likaja toleo la 8.0 mwaka 2018, RANK imekuwa fanksheni, neno limechukuliwa, kwari zilezile zinagoma.

JUMA: Groups nayo ilichukuliwa humohumo, kwa hiyo wale wanaosema tumia wingi tu utakuwa salama, sio kila mara.

ASHA: Ndo maana nasisitiza jina lieleze kitu chenyewe, oda_za_wateja, nafasi_darasani. Na kabla ya kuapgredi angalia orodha ya toleo jipya, MySQL 8 iko kwenye INFORMATION_SCHEMA.KEYWORDS, PostgreSQL unaita pg_get_keywords().

JUMA: Na kama tebo ishajaa data?

ASHA: Inabadilishika. PostgreSQL unaandika ALTER TABLE "user" RENAME TO watumiaji, foreni kii, yaani viungo vinavyotoka tebo nyingine, zinafuata zenyewe. Kwari zilizo ndani ya programu ndo hazifuati, basi tengeneza viu, yaani kama tebo ila haitunzi data yake, yenye jina la zamani inayosoma watumiaji, viu rahisi ya hivyo inakubali hadi kuandika, mnarekebisha kwari taratibu, zikiisha mnaifuta.